Kazi ipo, ila haitoshi: maswali yenu kuhusu neno underemployed

Maswali ya safari hii yametoka Kigoma, Kasulu, Tabora mjini na Urambo, na karibu yote yanazunguka neno moja la Kiingereza: underemployed. Wasomaji wamelikuta kwenye dodoso za mashirika, kwenye taarifa za habari kutoka Marekani na Uingereza, na wengine wamelitia katika barua za kuomba kazi. Tumejibu kwa kirefu pale ambapo kosa linaweza kumkosesha mtu nafasi.

Nina stashahada ya utabibu. Kwa sasa nauza katika duka la dawa hapa Mwanga, Kigoma. Rafiki yangu mmoja ananiita underemployed, mwingine anashikilia kuwa mimi ni unemployed kwa sababu sijaajiriwa kwa fani yangu. Nani yuko sahihi?

Wa kwanza. Unemployed ni mtu asiye na kazi kabisa, naye anaitafuta. Wewe unaamka, unafungua duka, unalipwa, kwa hiyo neno hilo halikufai hata kama kazi yenyewe hukuisomea.

Underemployed kwa Kiingereza cha kila siku lina matumizi matatu. La kwanza, ambalo ndilo lako, ni mtu anayefanya kazi iliyo chini ya elimu au ujuzi wake: mhandisi anayeendesha teksi, mhitimu wa sheria anayepanga bidhaa kwenye rafu za duka. Mwingereza au Mmarekani wa kawaida akilisikia neno hili nje ya habari za uchumi, picha hiyo ndiyo inayomjia kwanza.

La pili ni mtu anayepata saa au siku chache kuliko anazozitaka. Anataka wiki nzima, anapewa Jumatatu na Alhamisi. Hapa elimu haihusiki kabisa. Hata asiyekwenda shule anaweza kuwa underemployed kwa maana hii.

La tatu husikika kwa nadra zaidi: mtu ameajiriwa vizuri, mshahara unaingia, lakini ofisini hana la kufanya. Linatokana na kitenzi employ, ambacho hakina maana ya kuajiri tu, kina pia maana ya kutumia. Ndiyo maana utakuta watu wanaandika "underemployed talent" au "underemployed capital", yaani kipaji au mtaji usiotumika ipasavyo. Kwa mtu aliyekaa bila shughuli ofisini, hata hivyo, Waingereza wengi husema underused au underworked, na ni vizuri ufuate hao, maana ukisema underemployed msikilizaji ataelewa moja ya zile mbili za mwanzo.

Jambo moja ambalo vitabu vingi vya shule havilisemi: neno hili ni la kusema juu ya watu wengine. Mwandishi wa habari, mwalimu wa uchumi au mwanasiasa hulitumia kueleza hali ya kundi. Mtu mwenyewe akizungumza na jirani yake mara nyingi hasemi "I am underemployed." Husema "I can't get enough hours," au "I'm only getting two days a week," au "I'm not working in my field." Hiyo ya mwisho ndiyo ingekufaa wewe.

Mimi ni bodaboda hapa Tabora mjini. Nafika kijiweni saa 12 asubuhi, naondoka saa 1 usiku, siku 6 kwa wiki. Abiria wachache, hela kidogo. Niseme mimi ni underemployed?

Hapana, ndugu yetu, na sababu zake zinafaa kuelezwa vizuri.

Siku yako ina saa 13. Mara 6 ni saa 78 kwa wiki. Utadhani saa za kukaa kijiweni bila abiria hazihesabiki. Zinahesabika. Mkutano wa kimataifa wa watakwimu wa kazi, unaoitishwa na Shirika la Kazi Duniani, mwaka 2008 ulipanga nini kihesabiwe kuwa saa za kazi. Kusubiri wateja kumo, na mapumziko mafupi ya chai yamo. Yasiyohesabiwa ni mapumziko marefu ya kula na, kwa kawaida, safari ya kutoka nyumbani kwenda kazini. Hata ukiondoa saa nzima ya chakula kila siku, bado una 72. Kwa takwimu, mtu wa saa 72 hana upungufu wa saa, ana wingi wa kupindukia.

Tatizo lako ni malipo, na Kiingereza kina neno lake: underpaid, kama kuna anayekulipa. Pikipiki ikiwa yako au umeikodi na wewe ndiye bosi wako, underpaid nayo haikai sawa, sema "I work long hours but I earn very little." Sentensi hiyo ni nyepesi na haiachi shaka. Watakwimu wenyewe, katika azimio lao la mwaka 1998, walitenga makundi haya: upungufu wa saa ni kitu kimoja, kazi isiyolingana na ujuzi ni kingine, kipato kisichotosha ni cha tatu, na saa zilizozidi ni cha nne. Cha kwanza tu ndicho walichokiita underemployment. Vingine waliviweka chini ya jina la "inadequate employment", yaani ajira isiyoridhisha.

Mtaani London au Chicago hawajui mgawanyo huo, ndiyo sababu mhitimu anayeuza kahawa huitwa underemployed na kila mtu ilhali mtakwimu hamhesabu. Lakini hata mtaani hawaendi mbali kiasi cha kumwita hivyo mtu wa saa 72 kwa sababu ya kipato tu.

Nasikiliza habari za Kiingereza redioni. Wanataja "unemployment rate" halafu "underemployment rate", na ya pili huwa kubwa zaidi. Inahesabiwaje?

Anza na kanuni inayowashangaza wengi. Katika tafiti za nguvukazi (walio na kazi pamoja na wanaoitafuta), mtu aliyefanya kazi ya malipo au ya faida kwa angalau saa 1 katika wiki inayoulizwa anaandikwa kuwa ameajiriwa. Saa moja tu. Kuli aliyebeba magunia bandarini Kigoma Jumanne asubuhi, kisha akakaa siku zote zilizobaki, hayumo katika hesabu ya wasio na kazi. Kiwango cha ukosefu wa ajira kikisomwa peke yake kinaweza kuonekana kidogo wakati watu wana hali ngumu. Ndiyo maana kikahitajika kipimo cha pili.

Ili mtu aandikwe kuwa na upungufu wa saa, mambo matatu lazima yatimie pamoja: alitaka saa zaidi, alikuwa tayari kuzifanya kama zingepatikana, na saa alizofanya zilikuwa chini ya kikomo kilichowekwa na nchi yake. Likikosekana moja, ametoka. Mama anayeuza mawese nusu siku kwa sababu mchana anataka kuwa na watoto wake hana upungufu, hata kama saa zake ni 20.

Kikomo ndicho kinachotofautiana. Marekani huhesabu chini ya saa 35 kwa wiki. Uingereza ina kikomo cha juu sana: mtu aliyezidi miaka 18 anaweza kuwa anafanya hadi saa 48 na bado akahesabiwa, mradi anataka zaidi na anaweza kuanza ndani ya wiki 2. Kwa hiyo ukisikia takwimu za nchi hizi mbili, usizilinganishe moja kwa moja.

Angalia pia wametaja kipimo gani. Wamarekani wana kinachoitwa U-6, na watangazaji wengi hukiita "underemployment rate" kwa kufupisha. Ndani yake wamo wasio na kazi kabisa, waliokata tamaa ya kutafuta, na wanaofanya kazi nusu kwa sababu hawakupata nzima. Shirika la Kazi Duniani nalo tangu 2013 lina kipimo kiitwacho LU2, kinachojumlisha wasio na kazi na wenye upungufu wa saa, kisha kinagawanya kwa nguvukazi yote. Chukua mfano wa kubuni: nguvukazi ya kata ni watu 200, wasio na kazi 10, wenye upungufu wa saa 38. Ukosefu wa ajira ni 10 kwa 200, yaani asilimia 5. LU2 ni 48 kwa 200, asilimia 24. Kata ni ile ile. Ndiyo maana vipimo kama U-6 na LU2 unavisikia vikubwa zaidi: ukosefu wa ajira umo ndani yake.

Najitolea kufundisha hisabati katika shule ya msingi hapa Tabora. Wazazi hunichangia nauli. Nijiite underemployed teacher?

Usijiite hivyo. Kwa Kiingereza wewe ni "a volunteer teacher", na ni jina la heshima lisilohitaji kupambwa. Mwajiri akisoma "underemployed teacher" atadhani una mkataba wa shule wenye vipindi vichache, akiuliza mkataba utakwama.

Kitakwimu pia umo katika kundi jingine. Azimio la mkutano uleule wa watakwimu wa kazi, la mwaka 2013, lilitenganisha kazi ya kujitolea na ajira. Asiyelipwa ujira kwa kazi anayojitolea hahesabiwi kuwa ameajiriwa kwa kazi hiyo, na nauli ya kufika shuleni si ujira. Kama jioni unafundisha tuisheni ya kulipwa kwa saa 6 kwa wiki na unataka zaidi, hapo ndipo unapoingia katika wenye upungufu wa saa, kwa sababu ya tuisheni.

Kwenye wasifu andika kazi ya kujitolea kwa ukamilifu uleule wa kazi ya mshahara: "Volunteer mathematics teacher, Standard V and VI, 18 periods a week, January 2024 to date." Idadi ya vipindi ina uzito kuliko kivumishi chochote.

Baba analima tumbaku na mahindi Urambo. Nikiandika insha ya chuo, niseme wakulima wa hapa ni unemployed au underemployed wakati hakuna mvua?

Andika "seasonally underemployed", kisha eleza. Kazi ya tumbaku hujaa kwa mafungu: vitalu vya miche kabla ya mvua, kuhamishia miche shambani mvua zikianza, kisha kuchuma na kukausha, kuchambua madaraja, na soko. Baada ya hapo saa hupungua sana. Si kwamba mtu hana kazi mwaka mzima. Ana kazi inayozidi uwezo wake miezi fulani na isiyomtosha miezi mingine.

Mhadhiri makini atakuuliza kuhusu mahindi. Tumbaku inalimwa kwa kuuzwa, kwa hiyo ni ajira ya kujiajiri. Mahindi yanayolimwa hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani, kwa azimio la 2013, ni kazi lakini si ajira. Usipolitaja hilo, tarakimu zozote utakazonukuu zitakuwa na utata, maana tafiti za kabla na za baada ya mabadiliko hayo hazilingani.

Utakutana pia na "disguised unemployment", ukosefu wa ajira uliojificha. Msemo huo uliingizwa kwenye uchumi na Joan Robinson wa Cambridge mwaka 1936, akimaanisha watu waliopoteza kazi nzuri wakati wa mdororo wakaangukia shughuli duni, kama kuuza viberiti barabarani. Baadaye wachumi waliuhamishia vijijini: shamba linatosha watu 3, wanalima 5, na wawili wakiondoka mavuno hayapungui. Taja unautumia kwa maana ipi. Na uwe mwangalifu na ile ya pili kwa Urambo, kwa sababu wakati wa kuchuma tumbaku wale wawili hawawezi kuondoka. Jani lililoiva haliwasubiri.

Neno underemployed lenyewe ni la zamani kuliko hapo. Mwaka 1909 Uingereza ilikuwa tayari inalitumia kwa vibarua wa bandari za London, waliokusanyika getini kila asubuhi wakichaguliwa wachache.

Niko Kasulu, naomba kazi ya uhasibu kwenye shirika linalohudumia wakimbizi. Katika barua niliandika: "I am underemployed in my present job and I am looking for full employment." Sikuitwa. Sentensi ina kosa?

Kwa nini hukuitwa hatuwezi kusema, lakini sentensi hiyo iondoe kabla hujatuma nyingine. Ina matatizo matatu.

Kwanza, "full employment" si kazi ya muda wote. Ni istilahi ya uchumi wa taifa: hali ambayo karibu kila anayetaka kazi nchini anayo. Ulitaka "full-time employment" au "full-time work". Kosa hili tunaliona mara nyingi sana katika barua mnazotutumia tuzisome.

Pili, underemployed katika barua ya maombi husikika kama lawama kwa mwajiri wako wa sasa. Msomaji hajui kama unalalamikia saa, cheo au mshahara, na hana muda wa kukisia.

Tatu, sentensi haina tarakimu hata moja. Mwajiri anataka kujua umesomea nini, unafanya nini, kwa saa ngapi, na utaanza lini. Fuata mpangilio huohuo. Tuseme una stashahada ya uhasibu na sasa ni wakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu:

"I hold a diploma in accountancy. Since March 2024 I have worked part-time as a mobile money agent in Kasulu, about 20 hours a week, keeping the daily cash book and reconciling the float. I am looking for full-time accounts work and can start two weeks after an offer."

Ona sehemu ya katikati. Kazi ndogo imeelezwa kwa shughuli zake zinazofanana na zile za nafasi unayoomba: daftari la fedha la kila siku, kulinganisha salio. Hiyo inamwonyesha mwajiri kwamba ujuzi haujalala. Kama hutunzi daftari hilo, usiandike, utaulizwa.

Usiandike pia "I am overqualified." Neno hilo ni la mwajiri, na analitumia anapokataa mtu: elimu yake imezidi kazi hii, ataondoka mapema.

Kwenye fomu zenye visanduku vya "Employment status", underemployed kwa kawaida hakimo. Weka alama kwenye Employed, na kama kuna kisanduku cha Part-time weka pia. Kama duka au uwakala ni wako mwenyewe, ni Self-employed. Watu huweka Unemployed wakidhani wataonewa huruma, halafu wasifu wao unaonyesha kazi inayoendelea. Karatasi mbili zikipingana, zote mbili hupoteza imani.

Kwenye usaili ukiulizwa "Why do you want to leave your present job?" jibu fupi linatosha: "I enjoy the work, but it is only 20 hours a week, and I trained in accounts." Sema, kisha nyamaza. Ukiendelea kueleza shida za kwa mwajiri wako wa sasa utaharibu.

Mimi ni mvuvi wa dagaa, Kibirizi. Mdadisi alikuja na dodoso, akauliza saa nilizofanya wiki iliyopita. Ilikuwa mbalamwezi, hatukwenda ziwani ila usiku mmoja. Nilijibu saa 50 kwa sababu ndizo za kawaida. Nilikosea?

Dodoso la namna hiyo huwa na maswali mawili yanayofanana: saa za kawaida, "usual hours", na saa ulizofanya hasa wiki hiyo, "hours actually worked". Saa 50 ni jibu la swali la kwanza. Kwa la pili ulitakiwa kuhesabu usiku ule mmoja, pamoja na muda wa kutengeneza nyavu na taa, kuanika kama dagaa ni wenu, na kuuza. Usijumlishe kwa kukisia wiki nzima. Pitia siku moja moja, kuanzia jana kurudi nyuma hadi siku 7.

Kisha hufuata maswali ya kama ungependa saa zaidi na kama ungekuwa tayari. Hayo mawili yasijibiwe kwa mazoea, kwa sababu ndiyo yanayoamua kama utahesabiwa kuwa na upungufu. Mvuvi asiyetaka kitu kingine wiki za mbalamwezi, anayezitumia kupumzika, ajibu hapana, naye atakuwa amesema kweli. Anayetafuta kibarua cha kupakua mizigo wakati huo ajibu ndiyo. Vivyo hivyo kwa kipindi ziwa linapofungwa, kama Tanzania ilivyofunga uvuvi ziwani Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024.

Linatamkwaje, na kuna makosa gani ya sarufi ya kuepuka?

Silabi ni nne: an-da-im-PLOID. Mkazo mkubwa uko mwishoni, mdogo uko mwanzoni. Sisi tumezoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana wengi husema anda-IM-ploid, na wengine huongeza silabi ya tano, "ploiyed". Mwisho wake ni d tu. Mkazo huhamia mwanzoni pale unapopinganisha: "He isn't UNemployed, he's UNDERemployed."

Ni kivumishi, kwa hiyo "an underemployed" peke yake haisimami. Sema "an underemployed nurse". "The underemployed" ni kundi zima, na kitenzi chake ni cha wingi: "the underemployed are". Nomino underemployment haina wingi wala haichukui "an". Kutaja kazi tumia as: "underemployed as a cleaner". Usiseme "underemployed by the company". Ukitaka kuongeza nguvu, tumia severely au chronically badala ya very. Na siku hizi linaandikwa neno moja bila kistari. Chenye kistari utakikuta zaidi katika maandishi ya zamani ya Uingereza.